Kupima Ubora wa Shule ya Msingi: Anza na Mtoto Anayebaki Nyuma

Mtoto anayeongoza darasani haelezi mengi kuhusu shule yake. Mara nyingi alifika akijua kusoma, ana mtu wa kumsaidia nyumbani, na angefaulu karibu popote. Anayeieleza shule ni yule anayebaki nyuma: anayechelewa kushika herufi, mkimya wa kona, mgeni aliyehamia katikati ya mwaka, anayesikia kwa shida. Walimu wanajua amekwama wapi? Kuna aliyepanga la kufanya? Akiumizwa, anamwendea nani? Ubora wa elimu na malezi umo katika majibu ya maswali hayo, na hatua zote zilizo hapa chini ni njia za kuyapata.

Nimemwandikia kwanza mzazi anayechagua shule, au ambaye mtoto wake tayari anasoma na roho haijatulia. Mjumbe wa kamati ya shule atafaidika pia, na hata mwalimu mkuu anayetaka kujipima kabla hajapimwa na wengine. Huhitaji cheo wala utaalamu. Unahitaji muda wa kutembelea, daftari la kuandikia, na ujasiri wa kuuliza swali la pili pale jibu la kwanza linapoteleza.

Hatua ya 1: Soma matokeo, kisha waulizie wasiokuwemo

Wengi huanza na matokeo ya mtihani wa mwisho, na si vibaya. Ubaya ni kuishia hapo. Wastani wa shule unahesabu waliofanya mtihani tu. Walioondoka njiani hawamo.

Chukua mfano wa shule mbili, kila moja ikiwa ilipokea watoto 90 darasa la kwanza. Shule ya kwanza ilifikisha watoto 52 kwenye mtihani wa mwisho na 47 wakafaulu. Inajitangaza kwa ufaulu wa asilimia 90. Shule ya pili ilifikisha watoto 86 na 69 wakafaulu, asilimia 80. Ukisoma bango la getini, ya kwanza imeshinda. Ukirudi kwa wale 90 walioanza, ya kwanza imefaulisha asilimia 52 na ya pili asilimia 77.

Kwa hiyo omba takwimu tatu: waliosajiliwa darasa la kwanza mwaka ambao kundi hilo lilianza, waliorudishwa darasa, na waliofanya mtihani. Kisha uliza wale wengine walikwenda wapi. Familia huhama, na hilo halina mjadala. Lakini kama watoto wanapungua hasa mwaka mmoja kabla ya mtihani, ujue kuna mchujo. Shule inayowaondoa wanaochelewa ili kulinda jina lake itamwondoa na wako siku atakapochelewa.

Uliza pia wasichana na wavulana wanafaulu vipi wakitenganishwa, na watoto wenye ulemavu ni wangapi. Shule kubwa ikikujibu kwamba haina hata mmoja, usilichukulie kuwa jibu la kawaida. Ama hawapokelewi, ama wapo na hakuna aliyewatambua.

Hatua ya 2: Nenda siku ya kawaida

Siku ya wazazi shule imejipamba, na walimu wamekesha. Omba kuja katikati ya wiki, siku ya masomo, na ufike kabla ya kengele. Shule ina haki ya kukuwekea masharti: kusaini kitabu cha wageni, kuongozana na mwalimu, kutopiga picha za watoto. Masharti hayo ni dalili nzuri. Ukiweza kuingia getini na kutembea hadi madarasani bila mtu kukuuliza wewe ni nani, umeshapata jambo la kwanza la kuandika, na si jema.

Simama pembeni uangalie watoto wanavyoingia. Mtazame hasa aliyechelewa. Kuna shule anayechelewa anafokewa mbele za watu, na kuna shule anapelekwa darasani haraka asikose somo, halafu mtu anamuuliza kwa faragha kuna nini nyumbani. Mtoto anayechelewa mara kwa mara huwa na sababu, na aghalabu sababu hiyo haimo mikononi mwake.

Majengo usiyape muda mrefu. Angalia kama paa halivuji, mwanga unafika hadi dawati la nyuma, kila mtoto ana pa kukaa na pa kuandikia, na mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuingia darasani na chooni. Rangi mpya ukutani haijawahi kumfundisha mtoto kusoma. Kompyuta zilizofunikwa vitambaa ni vivyo hivyo.

Hatua ya 3: Kaa nyuma ya darasa

Omba kukaa katika kipindi kizima, ikiwezekana viwili: kimoja cha kusoma au lugha, kingine cha hisabati, na kimoja kiwe cha madarasa ya chini. Shule nyingi hupeleka walimu wao hodari darasa la mtihani, kisha madarasa ya mwanzo hupewa yeyote aliyebaki. Huo ni mpango wa kichwa chini miguu juu, kwa sababu asiyejua kusoma mwishoni mwa darasa la pili au la tatu atashindwa masomo yote yanayofuata. Na wanaoanguka hapo si wachache: Benki ya Dunia na washirika wake walikadiria mwaka 2022 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, watoto 7 kati ya 10 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa habari fupi nyepesi.

Unapokuwa umekaa, acha kumwangalia mwalimu peke yake. Kila baada ya dakika chache inua macho, zungusha darasa lote, na uandike mambo mawili: mwalimu anafanya nini sasa hivi, na watoto wangapi hawamo katika somo. Mtafiti wa Marekani, Jane Stallings, alijenga njia ya namna hii ya kulitazama darasa kwa vipande vya muda, na imetumika katika nchi nyingi tangu hapo. Faida yake ni kwamba inakuzuia kudanganywa na uchangamfu wa dakika tano za mwanzo. Mwisho wa kipindi unajua ni muda gani hasa ulikuwa wa kujifunza, na gani uliliwa na kuita majina, kugawa vitabu, kunakili ubaoni na kunyamazisha.

Kisha sikiliza maswali. Swali ambalo darasa zima linaitikia kwa pamoja, “Ndiyooo mwalimu!”, halimwambii mwalimu lolote, maana asiyeelewa naye anaitikia. Tazama nani anaulizwa. Kama ni wale wale wanne wa mbele wenye mikono juu, watoto wengine wameshajifunza kwamba somo haliwahusu. Mwalimu mzuri humwita asiyenyoosha mkono, tena kwa namna isiyomtia aibu, na akishamwita humpa nafasi ya kufikiri. Hapa kuna jambo dogo lenye uzito mkubwa. Mary Budd Rowe, mwanasayansi wa elimu wa Marekani, aligundua katika utafiti wake wa miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida husubiri sekunde moja tu au pungufu baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, yakawa na hoja ndani yake, na watoto waliokuwa wakihesabiwa wazito wakaanza kujibu. Hesabu kimoyomoyo baada ya kila swali. Utashangaa sekunde tatu zilivyo ndefu, na zilivyo adimu.

La mwisho la kuangalia darasani ni jibu likiwa kosa. “Kaa chini, nani anamsaidia?” ni njia moja. “Umefikaje hapo? Hebu tuoneshe” ni nyingine. Darasa ambalo mtoto anaweza kukosea bila kuchekwa, mwalimu wake amelilea kwa miezi. Haliigizwi mbele ya mgeni, kwa kuwa watoto wangeitoa siri kwa nyuso zao.

Kelele zisikuhukumie darasa. Watoto wanaobishana kuhusu hesabu hupiga kelele. Na ukimya wa woga unautambua kirahisi: macho yanamfuata mwalimu anapotembea, hayafuati anachosema.

Hatua ya 4: Fungua madaftari

Ningepewa kitu kimoja tu cha kukagua katika shule nzima, ningeomba madaftari. Kipindi kimoja kinaweza kuandaliwa kwa ajili yako. Madaftari ya muhula mzima hayaandaliki kwa usiku mmoja.

Usikubali kuletewa. Utaletewa ya mtoto mwenye mwandiko mzuri. Omba rundo lote la darasa moja, uchague mwenyewe matatu: moja kutoka juu ya darasa, moja la katikati, na moja la mtoto ambaye mwalimu anakiri anatatizika. Shule ikitaka kulinda faragha, majina yafunikwe. Huna haja nayo.

Anza na tarehe. Kazi ngapi zimefanyika kwa wiki? Kuna mapengo? Kama pengo liko katika madaftari yote matatu tarehe zile zile, mwalimu hakuwepo au hakufundisha. Kama liko katika daftari moja tu, mtoto huyo hakuja, na swali lako kwa mwalimu ni: mlifanya nini alipokosa wiki mbili?

Kisha angalia kama kazi ni ya mtoto au ni ya ubao. Madaftari matatu yenye sentensi zile zile, kwa mpangilio ule ule, hata makosa yale yale, yanaonesha darasa la kunakili. Mtoto anaweza kumaliza miaka miwili akiwa na madaftari safi yaliyojaa na asijue kusoma alichokiandika. Tafuta mahali alipotunga mwenyewe, hata kama ni sentensi mbili zenye makosa ya tahajia. Zina thamani kuliko kurasa kumi za kunakili.

Sasa usahihishaji, na hapa nakuomba usiharakishe. Chukua hesabu ya kutoa, 42 toa 17. Mtoto ameandika 35. Mwalimu mmoja anaweka alama ya kosa na kuandika “Rudia”. Mtoto anarudia, anapata 35 tena, kwa sababu kwa kanuni aliyonayo kichwani jibu ni 35: kila safu anatoa tarakimu ndogo kutoka kubwa, 7 toa 2 ni 5, 4 toa 1 ni 3. Mwalimu mwingine anaona mara moja kwamba hakuna uzembe hapo, kuna kanuni iliyokosewa. Anamwita, anampa vijiti 42 vilivyofungwa makumi, anamwambia aondoe 17, na mtoto mwenyewe anagundua kwamba lazima afungue kumi moja. Ukurasa unaofuata, hesabu za aina hiyo ziko sahihi. Hiyo ndiyo alama unayoitafuta: kosa lililotokea, lililotambuliwa, na lililokoma. Wekundu wa kalamu usikutishe wala usikufurahishe. Fuatilia kosa moja kutoka ukurasa hadi ukurasa uone kama linapona.

Tiki tupu zinazopita juu ya makosa ni jambo baya kuliko kutosahihisha kabisa, kwa kuwa zinamthibitishia mtoto kosa lake. Na kama darasa lina watoto 70, usimdai mwalimu asahihishe kila mstari. Muulize anachagua vipi. Mwalimu anayejua kazi yake atakuambia kwamba hukusanya madaftari kumi na tano kwa siku, au hupita madawatini watoto wakiandika na kusahihisha papo hapo, au huwafundisha wakague kazi zao wawili wawili. Anayekuambia “Wako wengi, haiwezekani” amekwishawaacha.

Mwisho linganisha daftari la mtoto wa juu na la yule anayetatizika. Je, kazi ni ile ile tangu mwanzo wa muhula, mmoja akipata zote na mwingine akikosa zote? Basi wote wawili wanapoteza muda. Shule inayowajua watoto wake, daftari la anayetatizika linaonekana tofauti: kazi fupi zaidi, zinazoanzia pale alipo, zinazopanda taratibu.

Hatua ya 5: Msikilize mtoto akisoma

Jaribio hili lina dakika tano. Shirika la Pratham la India limelitumia katika tathmini yake ya kusoma na hesabu, iitwayo ASER, tangu mwaka 2005, na mpango wa Uwezo ukafuata njia ya aina hiyo Kenya, Tanzania na Uganda. Nguvu yake ni wepesi wake. Mtu yeyote anayejua kusoma anaweza kulifanya.

Andika karatasi moja yenye ngazi nne: herufi kama kumi, maneno mafupi kumi, aya ya sentensi nne nyepesi, na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili pamoja na maswali mawili ya kuelewa. Mpe mtoto wa darasa la tatu au la nne, kwa ruhusa, mahali ambapo wenzake hawamsikii. Anza na aya. Akiiweza, mpe hadithi. Ikimshinda, shuka kwenye maneno, kisha herufi. Usimkatishe, usimsahihishe, na umalizie kwa kumshukuru hata kama amekwama mwanzoni kabisa.

Maswali ya kuelewa ndiyo kipimo. Wapo watoto wanaosoma kwa sauti ya kujiamini hadithi nzima, ukiwauliza nani aliangusha ndoo hawajui. Wamefundishwa kutamka. Chunguza pia kama lugha ya shuleni ni lugha wanayoielewa. Mtoto anayefundishwa kwa lugha asiyoisikia nyumbani anabeba mizigo miwili, na shule nzuri inakuwa na mpango wa kumtua mmoja.

Kama mtoto ni wako, mfanyie nyumbani kila muhula na uweke karatasi. Ripoti inayosema “Nafasi ya 12 kati ya 60” haikuambii kama anajua kusoma, inakuambia tu wangapi wako mbele yake.

Hatua ya 6: Mapumziko, maji na vyoo

Watu wengi hutumia mapumziko kunywa chai ofisini. Wewe toka nje. Malezi ya shule yanaonekana pale ambapo hakuna somo.

Tafuta mtoto aliye peke yake. Kila uwanja unaye. Anaweza kuwa anapenda utulivu, na anaweza kuwa amekimbia. Je, kuna mwalimu wa zamu uwanjani, kwa maana ya uwanjani, si kivulini na simu? Anajua pembe zilizojificha, nyuma ya vyoo na nyuma ya ghala? Uonevu hauchagui katikati ya uwanja. Tazama pia viranja. Shule inayowapa watoto wakubwa fimbo au mamlaka ya kuandika majina ya “wakorofi” imegawa kazi ya walimu kwa watu wasiostahili kuibeba, na wadogo ndio wanaolipa.

Nenda vyooni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu maji na usafi mashuleni, lilipendekeza tundu 1 kwa wasichana 25, na kwa wavulana tundu 1 pamoja na sehemu ya kukojolea kwa kila 50. Hesabu, lakini hesabu yanayotumika, si yaliyofungwa kufuli kwa ajili ya wageni. Milango inafungwa kwa ndani? Maji na sabuni viko karibu, na mtoto wa darasa la kwanza anafikia bomba? Wasichana wakubwa wana mahali pa faragha pa kubadilishia na kutupia pedi? Kwa wasichana wa madarasa ya juu hili haliepukiki: pasipokuwa na faragha, wapo watakaobaki nyumbani siku kadhaa kila mwezi, na daftari la mahudhurio litawaita watoro.

Mtoto anayekuambia kwamba hujizuia hadi afike nyumbani amekupa taarifa nzito. Anayejizuia hanywi maji, na asiyekunywa maji hasomi vizuri.

Hatua ya 7: Uliza kuhusu ulinzi bila kuzunguka

Hapa ndipo wazazi wengi huona haya, na ndipo hatupaswi kuona haya hata kidogo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unasema, katika kifungu cha 28, kwamba nidhamu ya shule lazima iheshimu utu wa mtoto, na kifungu cha 19 kinataka mtoto alindwe dhidi ya kila aina ya ukatili. Karibu kila nchi imeuridhia. Huombi hisani unapouliza.

Muulize mwalimu mkuu: mtoto akikosea sana, nini kinatokea, hatua kwa hatua? Mwalimu akimpiga mtoto au kumtukana, nini kinatokea? Mtoto akitaka kusema kwamba mtu mzima hapa shuleni amemgusa vibaya, anamwambia nani, na huyo anampeleka wapi? Nani huangalia historia ya mtu kabla hajaajiriwa, pamoja na mlinzi, dereva na mpishi? Kuna nafasi yoyote ambapo mtu mzima mmoja hukaa na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa, kama masomo ya ziada ya jioni?

Sikiliza jinsi linavyojibiwa kuliko kinachojibiwa. Shule salama ina jibu tayari, lina jina la mtu na namba ya ofisi ya nje ya shule. Shule inayosema “Hapa kwetu mambo hayo hayapo” inatisha. Hakuna mkusanyiko wa mamia ya watoto usio na hatari hiyo. Upo tu uliojiandaa na usiojiandaa. Na ikiwa desturi ni kuyamaliza ndani kwa ndani ili kuepusha aibu, hata kama yote mengine ni mazuri, mwanao asisome hapo.

Jibu la mwalimu mkuu ulipeleke kwa watoto. Waulize watatu wanne wa umri tofauti: ukionewa hapa, unamwambia nani? Wakitaja jina lile lile bila kusita, mfumo upo. Wakiinua mabega, upo kwenye karatasi.

Uliza pia yale ya kila siku: mtoto akiumwa katikati ya masomo analala wapi, nani anashika dawa za mwenye pumu au kifafa, nani anaruhusiwa kumchukua mtoto jioni, na wanathibitishaje.

Hatua ya 8: Zungumza na walimu, kisha na mkuu

Muulize mwalimu wa darasa swali moja: “Nisimulie kuhusu mtoto anayekupa taabu zaidi kimasomo.” Usitaje jina wala usiombe. Mmoja atasema, “Huyo ni mzito tu, hata kwao wako hivyo.” Mwingine atasema, “Anajua sauti za herufi zote isipokuwa anachanganya b na d, hesabu anaziweza za kichwani, amekuwa kimya tangu mama yake asafiri, Jumanne na Alhamisi namfundisha pembeni na wenzake wanne.” Huyo wa pili umeshampima. Hata kama darasa lake halina madirisha, mtoto wako yuko katika mikono mizuri.

Ulizia walimu wangapi wameondoka kwa miaka miwili iliyopita na kwa nini. Walimu wanaobadilika kila muhula huacha watoto wasiojulikana na mtu. Uliza pia kama huingia katika madarasa ya wenzao kujifunza, na mwalimu mkuu mara ya mwisho aliketi darasani lini.

Kwa mkuu mwenyewe, swali langu ni hili: “Watoto wangapi wa darasa la tatu bado hawajui kusoma, na mnafanya nini?” Anayetaja idadi, hata ikiwa kubwa, anaongoza shule. Anayesema wote wanajua, wakati karatasi yako ya kusoma imeonesha vingine, ama hajui ama anakuficha.

Hatua ya 9: Amua

Usijumlishe alama kama mtihani. Mambo haya hayana uzito sawa. Ulinzi hauwekwi kwenye mizani na kitu kingine: kukiwa na kipigo, kudhalilishwa au kufichwa kwa ukatili, ondoa mtoto na utoe taarifa kwa mamlaka ya ustawi wa watoto, kwa ajili ya wale wanaobaki. Ufundishaji dhaifu wa mwalimu mmoja ni jambo jingine. Mwalimu anaweza kusaidiwa, na mwakani mtoto atakuwa na mwingine. Uhaba wa vitabu au madawati unaudhi lakini unatatulika. Usahihishaji usiokuwepo katika madarasa yote ni tatizo la uongozi, na hilo halitibiki haraka.

Wazazi wengi hawana shule ya pili ya kuchagua. Kama ni wewe, ulichokiandika hakijapotea. Chagua mambo mawili tu, yale yanayomgusa zaidi mtoto anayebaki nyuma, uyapeleke kwa maandishi kwa mwalimu mkuu na nakala kwa kamati ya shule. Andika ulichokiona, si unachokidhania: “Katika madaftari matatu ya hisabati ya darasa la tatu, hakuna kazi iliyosahihishwa kwa wiki tano,” na si “Walimu wenu ni wavivu.” Taja na kile ulichokiona kikifanyika vizuri, na jina la mwalimu aliyekifanya, kwa maana walimu wa shule za msingi husifiwa mara chache mno. Omba tarehe ya kukutana. Nenda na mzazi mwingine, ikiwezekana wa mtoto anayetatizika. Mara nyingi huyo hajawahi kuitwa shuleni ila kwa kulaumiwa.

Baada ya muhula mmoja, omba tena rundo la madaftari ya darasa lile lile, na uanze na daftari la yule yule.